Tangawizi, stafeli, hijama au kukandwa: kipi kiende pamoja na kemo, kipi kingoje

Shangazi yangu aliporudi Bombo kutoka kwenye dripu yake ya kwanza, meza ya sebuleni ilikuwa imekwisha kujaa. Jerikeni ya lita tano ya majani ya mstafeli, yamechemshwa mpaka maji yakawa kama chai ya rangi. Chupa ya mafuta ya habasoda kutoka kwa shemeji. Emumbwa mbili, vile vijiti vya udongo wa dawa, zimeviringishwa kwenye gazeti. Fungu la tangawizi, unga wa manjano kwenye mfuko wa nailoni, na kikaratasi chenye namba ya simu ya mtu anayepiga hijama Kisenyi. Kila kitu kilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alipiga simu jioni kuuliza: "Ameshakunywa?"

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kansa ikiingia kwenye ukoo kila mtu anatafuta pa kushika, na pa karibu ni majani. Ila hakuna aliyeuliza kama vitu vyote hivyo vinaweza kukaa ndani ya mwili mmoja na doksorubisini, dawa nyekundu ya kemo iliyokuwa kwenye dripu yake.

Mimi si daktari. Nilikuwa mshika daftari: dripu nane, moja kila baada ya siku 21, nne za kwanza za ile dawa nyekundu na mwenzake siklofosfamaidi, nne za mwisho za paklitakseli. Karibu nusu mwaka. Katika muda huo tulilazimika kuchagua, na kilichotusaidia kuliko vyote hakikuwa kujua kipi ni cha kizungu na kipi ni cha kienyeji. Lilikuwa swali moja tu: kinaingia mdomoni, au hakiingii? Kinachomezwa kinapita kwenye ini, na ini ndilo linaloshughulikia sehemu kubwa ya dawa za kemo. Kisichomezwa hakigombani na dripu, ingawa nacho kina siku zake za hatari, na hijama ni mfano mzuri.

Nitakayolinganisha hapa ni ya mtu aliyekwisha kuamua kuendelea na kemo. Anayefikiria kuiacha ashike majani peke yake, mambo yake ni mengine. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha hesabu za wagonjwa 281 waliochagua tiba mbadala badala ya hospitali, kansa yao ikiwa haijasambaa, wakawalinganisha na wenzao waliotibiwa kawaida. Hatari ya kufa kwa waliokwenda mbadala ilikuwa mara mbili na nusu. Kwa kansa ya matiti, zaidi ya mara tano. Mwaka huohuo, timu hiyohiyo iliangalia watu waliochanganya. Nao walikuwa na hatari mara mbili, na sababu kubwa haikuwa sumu kwenye majani. Ni kwamba waliochanganya ndio waliokuwa wepesi kukataa upasuaji, au mionzi, au nusu ya dripu. Mwenye kuchanganya na achunge hapo: chupa ya majani isije ikawa ruhusa ya kukosa tarehe.

Siku ishirini na moja

Kalenda ya kemo ndiyo inayoamua mengi, kwa hiyo tuimalize kabla ya kuingia kwenye chupa. Dawa hizi hupiga chembe zinazogawanyika haraka. Kansa ni mojawapo, lakini uboho unaotengeneza damu nao umo, na ngozi laini ya mdomo na utumbo, na nywele. Siku mbili tatu za mwanzo mgonjwa anapambana na kichefuchefu. Kisha, kwa dawa nyingi, kati ya siku ya saba na ya kumi na nne chembe nyeupe za damu zinashuka chini kabisa, na mara nyingine chembe sahani zinazogandisha damu zinashuka nazo. Wiki ya tatu mwili unajijenga, halafu dripu nyingine.

Katika hizo siku za katikati, joto la mwili likifika nyuzi 38 ni safari ya hospitali usiku huohuo. Hapa kwetu Uganda homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Mtu anameza Coartem ya duka la dawa au anakunywa mululuza, yale majani machungu, na kulala. Mgonjwa wa kemo anayefanya hivyo anaweza kuamka bakteria wameshaenea kwenye damu. Sikusemi wewe, nasema sisi: mara ya kwanza shangazi alipopata homa, jirani alikuwa ameshachuma mululuza kabla mimi sijapata teksi ya kwenda mjini.

Kichefuchefu: kikombe cha tangawizi na kifundo cha mkono

Hapa uchaguzi ni rahisi kuliko kwingine, kwa sababu vyote viwili ni vizuri na hakuna kinachochukua nafasi ya vidonge vya hospitali. Ondansetroni na deksamethasoni zinamezwa kwa saa zilizoandikwa, hata kama tumbo limetulia. Kosa la wengi ni kungoja kichefuchefu kije ndipo wameze, na kikishakuja hakuna kitakachokaa tumboni, kiwe kidonge au tangawizi.

Tangawizi ina ushahidi wa kueleweka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2012 uliwapa wagonjwa 576 vidonge vya tangawizi au vya bandia, wote wakiwa pia kwenye dawa zao za kawaida. Waliotumia nusu gramu hadi gramu moja kwa siku, wakianza siku tatu kabla ya dripu, walipata kichefuchefu kidogo zaidi siku ya kwanza. Tafiti nyingine hazikuona tofauti kubwa. Kwa hiyo ni msaidizi, naye si wa kila mtu. Gramu moja ya unga ni kama nusu kijiko cha chai. Wanaochemsha mzizi mzima kwa kikombe kimoja wakidhani kingi ndicho bora wanaishia na kiungulia juu ya kichefuchefu. Na mwenye dawa za kuzuia damu kuganda, au aliyeambiwa chembe sahani ziko chini, aishie kwenye chai nyepesi mpaka aulize.

Njia ya pili haimezwi. Geuza kiganja kiangalie juu, laza vidole vitatu vya mkono wa pili kuanzia kwenye mkunjo wa kifundo kwenda kwenye kiwiko. Pale kidole cha tatu kinapoishia, katikati ya kano mbili zinazojitokeza ukikunja ngumi, bonyeza kwa dole gumba dakika mbili tatu, upumzike, urudie. Ni sehemu ileile ambayo wataalamu wa sindano za Kichina huichoma kwa ajili ya kichefuchefu, na miongozo ya wataalamu wa saratani Marekani inaitaja kama kitu cha kuongezea kwenye dawa. Sindano zenyewe zinaweza kusaidia, lakini zinataka mtaalamu aliyesoma, sindano mpya za kutupwa, na hesabu ya damu inayoruhusu. Kubonyeza kunataka dole gumba tu. Shangazi alikuwa akibonyeza ndani ya teksi kuanzia Matugga hadi Kampala, kwa sababu yeye kichefuchefu kilianza kabla ya dripu, akiona tu barabara ya kwenda huko. Kichefuchefu hicho cha woga ndicho vidonge vinachokishindwa, na hapo ndipo kifundo cha mkono na kuvuta pumzi polepole vilimfaa zaidi kuliko chai.

Ningechagua kifundo kwanza, tangawizi ya pili. Lakini harufu ya tangawizi ndani ya nyumba ilimfurahisha, na hilo nalo si dogo kwa mtu ambaye hata mvuke wa matooke ulimkimbiza.

Vidonda vya mdomo: barafu au asali

Watu hawaamini barafu, labda kwa kuwa ni rahisi mno. Kwa dawa inayoitwa florouracili inaposukumwa kwa mkupuo, kumumunya vipande vya barafu kwa nusu saa hivi, kuanzia kabla kidogo ya dawa, kunapunguza vidonda. Baridi inabana mishipa ya damu mdomoni, dawa kidogo inafika pale. Barafu iwe ya maji yaliyochemshwa, usinunue ile ya mitaani ya vifuko. Na anayepewa oksaliplatini asiguse barafu kabisa, kwani dawa hiyo hufanya baridi iwe kama misumari kooni na vidoleni. Muulize muuguzi jina la dawa yako kabla ya kuiga.

Asali imejaribiwa zaidi kwa wanaochomwa mionzi ya kichwa na shingo, na matokeo yanavutia ingawa tafiti nyingi ni ndogo. Kwenye kemo, mimi ningeiweka nyuma ya maji ya chumvi: nusu kijiko cha chumvi kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, kusukutua mara nne tano kwa siku. Asali mbichi kutoka msituni, yenye mabaki ya nta na nyuki, ingoje wiki ambayo chembe nyeupe zimepanda.

Zile zinazosemwa kuua kansa yenyewe

Hapa ndipo nilipogombana na nusu ya ukoo, kwa hiyo mniwie radhi nikikaa kidogo.

Tuanze na stafeli, ambayo Waganda huiita ekitafeli. Ujumbe wa WhatsApp unaosema ina nguvu mara elfu kumi kuliko kemo haukuzuliwa hewani. Mwaka 1996 wanakemia wa Marekani walitoa kemikali kadhaa kwenye mbegu za stafeli, na mojawapo, ikimwagiwa chembe za kansa ya utumbo kwenye maabara, ilihitaji kipimo kidogo mara elfu kumi kuliko doksorubisini. Sasa soma polepole: ni mbegu, siyo majani. Ni kemikali moja iliyosafishwa, siyo jerikeni. Ni chembe kwenye chombo cha maabara, siyo titi la mtu mwenye ini na damu. Ukimwaga Jik kwenye chombo hicho nayo itaua kansa. Tangu hapo zaidi ya robo karne imepita, na hakuna matibabu ya kansa yaliyothibitishwa kwa binadamu kutokana na chai ya stafeli.

Upande wa pili wa stafeli hauzungumzwi kwenye ujumbe ule. Ina anonasini, sumu ya chembe za fahamu, na kwenye kisiwa cha Guadeloupe, bahari ya Karibi, madaktari waliona tangu miaka ya 1990 wagonjwa wengi wa ugonjwa unaofanana na wa Parkinson miongoni mwa watu waliokuwa wakila tunda hilo na kunywa majani yake kwa wingi. Paklitakseli nayo hugusa mishipa ya fahamu: ganzi ya vidole, kushindwa kufunga vifungo vya nguo. Kuweka viwili hivyo pamoja kwa miezi mitatu ni kamari ambayo sikutaka kuicheza na mikono ya mtu anayejitegemea kwa cherehani.

Manjano ni jambo jingine. Kwenye mchuzi hayana tatizo, pikeni. Shida ni vidonge na unga unaokunywewa kwa vijiko, hasa ukichanganywa na pilipili manga. Mwili hunyonya manjano kidogo sana. Pilipili manga huongeza kunyonywa, na watangazaji wanasema hilo kwa fahari. Wasichosema ni kwamba pilipili manga iliyokolezwa hufungulia mlango dawa nyingine pia, na dozi ya kemo ilipigiwa hesabu mlango ukiwa umefungwa. Yameripotiwa pia maini yaliyoumia kwa vidonge hivyo. Habasoda ningeiweka kwenye fungu hilohilo: punje juu ya mkate, sawa, vijiko vya mafuta kila siku, ingoje.

Emumbwa ni ngumu zaidi kuihukumu, na nakiri nina huruma nayo. Ni vijiti vya udongo uliokandwa na majani ya dawa, vikakaushwa juani. Unakwangua kidogo juu ya jiwe kwa maji, rangi ya kahawia inatoka, unakunywa. Mama zetu wengi walipewa wakiwa na mimba. Bibi anayeiuza soko la Owino anajua kila kijiti kina nini, na ukimuuliza atakutajia mimea sita bila kusita. Lakini kiasi gani cha kila mmoja? Hakuna ajuaye, wala bibi mwenyewe, kwa sababu kila finyango ni tofauti na ile ya jana. Udongo wenyewe unaweza kushikamana na dawa tumboni zisinyonywe, na haukuchemshwa. Kwa mtu mzima mwenye afya si neno. Kwa mtu aliye siku ya kumi baada ya dripu, hapana.

Shemeji alinirushia swali ambalo kila mtu hurusha: "Hizi ni za asili, hiyo yenu ni sumu ya kiwandani." Nikamwonyesha ua dogo la rangi ya waridi lililoota mbele ya nyumba yake mwenyewe, lile ambalo wataalamu huliita Catharanthus roseus. Humo ndimo inamotoka vinkristini, dawa ambayo watoto wenye limfoma ya Burkitt wanatibiwa nayo. Ugonjwa huo ulielezwa kwa dunia mwaka 1958 na daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Denis Burkitt, na taasisi ya saratani ya Mulago yenyewe ilianza mwaka 1967 kwa ajili ya watoto hao. Yanahitajika mamia ya kilo za majani makavu kupata gramu moja ya vinkristini, na mtu mzima kwa kawaida hapewi zaidi ya miligramu mbili kwa mara moja, kwa mshipa wa damu tu; ikiingia kwenye uti wa mgongo kwa makosa inaua. Paklitakseli ya shangazi ilipatikana kwanza kwenye gome la mti wa Marekani. Kwa hiyo shemeji tayari yuko kwenye miti shamba. Tofauti ni kwamba hii imepimwa kwa miligramu na yake inapimwa kwa kikombe.

Chupa zenye lebo na namba ya NDA, Mamlaka ya Taifa ya Dawa, ni afadhali kuliko zisizo na kitu, kwa sababu angalau kuna mtu unayeweza kumrudia. Uganda ina sheria ya tiba za asili na za ziada tangu 2019, na Wandegeya kuna taasisi ya serikali inayochunguza mimea ya dawa. Lakini namba kwenye lebo haimaanishi kwamba chupa imethibitishwa kutibu kansa. Redio ikitangaza hivyo asubuhi, punguza sauti.

Halafu pesa. Sitataja bei, zinabadilika. Nitasema tu kwamba niliwaona watu kwenye benchi la kungoja waliokosa dripu kwa kukosa nauli ya kutoka kijijini, na baadhi yao mkoba ulikuwa na chupa tatu.

Maumivu: mkono laini au wembe

Kukandwa kunasaidia. Si kwa kuondoa kansa. Kwa usingizi, mabega yaliyokakamaa, wasiwasi, na upweke wa mtu ambaye kila anayemgusa amevaa glavu. Binti wa shangazi alimpaka mafuta ya shea kutoka Gulu miguuni na mgongoni, kwa mkono mwepesi, dakika kumi na tano kabla ya kulala. Masharti yake si mengi. Usibonyeze juu ya uvimbe wenyewe wala pale palipowekwa mrija wa dawa. Mkono wa upande uliokatwa tezi za kwapa upakwe juujuu tu. Mfupa ulioingiliwa na kansa usibonyezwe kabisa. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwenzake, usiukande hata kidogo, kwani huenda damu imeganda ndani; huo ni wa kupelekwa hospitali.

Hijama inadai kitu kilekile, kupunguza maumivu na kuleta wepesi, lakini kwa njia ya chale na damu. Shangazi aliitaka sana, ni Sunna, na alishawahi kupigwa akiwa mzima akajisikia vizuri. Sina ugomvi nayo kwa aliye mzima. Kwa aliye kwenye kemo ni kufungua milango kumi na miwili mgongoni wakati askari wote wako likizo, na chembe sahani zikiwa chini damu haikatiki kwa urahisi. Hata ile kavu, ya kufyonza bila kuchanja, huacha michubuko mikubwa. Shehe wa msikiti wetu ndiye aliyemaliza ubishi. Akauliza, "Damu yake ikoje?" Akaambiwa iko chini. "Basi ngojeni iinuke."

Kuchanjwa na mganga wa kienyeji ni vilevile, na zaidi, maana wembe haujulikani ulikotoka.

Maumivu makali hayatibiwi kwa kimoja kati ya hivi viwili. Uganda ina mofini ya maji, na Hospice Africa Uganda imekuwa ikiitumia tangu 1993, alipoianzisha Dakta Anne Merriman. Tangu 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuiandika, jambo ambalo nchi nyingi hazina. Watu wanaiogopa wakidhani ni dawa ya kuagia dunia. Siyo. Wengine wanaitumia, maumivu yanatulia, wanaendelea na dripu zao.

Uchovu, na zile juisi nyekundu

Matembezi yanashinda, na sijui kwa nini hakuna anayeyaleta kama zawadi. Nusu saa mara tatu kwa wiki, mwendo wa kuweza kuzungumza, ndicho kiwango ambacho wataalamu wa mazoezi na kansa walikubaliana mwaka 2019 kwamba kinapunguza uchovu, wasiwasi na huzuni. Shangazi alianza na kwenda hadi kwenye mwembe na kurudi.

Juisi ya bitiruti na ya majani mekundu haipandishi damu iliyoshushwa na kemo, kwa sababu tatizo si upungufu wa chakula cha damu bali ni uboho uliopigwa. Ikishuka sana inahitaji kuongezewa hospitali. Mnywe kama kinywaji, nyumbani, matunda yameoshwa vizuri. Angalizo dogo: ile dawa nyekundu hutia mkojo wekundu siku moja au mbili, na bitiruti nayo hufanya hivyo. Sisi tulikurupuka usiku mmoja tukidhani ni damu. Balungi liacheni hadi muulize, kwani linaingilia jinsi mwili unavyovunja dawa nyingi.

Dua na rukya, kisomo cha kumwombea mgonjwa

Haziingii mdomoni, hazichani ngozi, na kwa shangazi zilifanya kazi ambayo hakuna kidonge kingefanya. Nazipa nafasi ya juu bila kusita. Isipokuwa pale zinapokuja na sharti: ufunge siku saba, uache dawa uonyeshe imani, unywe maji haya yaliyokaa kwenye dumu tangu mwezi uliopita. Funga imesamehewa kwa mgonjwa kwenye Kurani yenyewe, na mchungaji au shehe anayedai uache dripu amevuka mpaka wa kazi yake.

Kumwambia daktari

Dripu ya tatu iliahirishwa wiki moja. Vipimo vya ini vilikuwa juu. Daktari, msichana wa umri wa binti yake, akauliza kwa upole, "Mama, kuna kitu kingine unakunywa nyumbani?"

"Hapana mwanangu. Chai tu."

Nilikaa pale nikiiona jerikeni machoni. Nikafungua daftari nikalisukuma mezani. Shangazi aliniangalia kwa jicho ambalo sitalisahau. Daktari akasoma yote, stafeli, emumbwa, habasoda, hakupandisha sauti. Alisema huenda ni kemo yenyewe, huenda ni haya, hawezi kujua vyote vikiwa vinaingia pamoja. Tuache ya kunywa, tupime tena. Wiki iliyofuata vipimo vilikuwa vimeshuka. Hilo halithibitishi kwamba ni majani. Lakini dripu iliendelea.

Si kila daktari atapokea daftari lako hivyo. Wengine watakemea, na mgonjwa aliyekemewa mara moja hasemi tena. Basi sema kwa muuguzi anayetundika dripu, au mfamasia wa wodi. Usiseme "dawa za kienyeji". Taja jina la mmea kwa lugha yoyote, sehemu gani, vikombe vingapi, tangu lini, au beba chupa yenyewe. Na kama mtu wako lazima anywe kitu, kama wazee hawatalala bila yeye kunywa kitu, basi kiwe kimoja, kwa kiasi cha chakula, na kikome siku mbili tatu kabla na baada ya dripu kama daktari hajasema vingine. Viwili vikiingia pamoja na mambo yakaharibika, hutajua umlaumu nani.

Kitu cha kwanza cha kununua, kabla ya chupa yoyote, ni kipimajoto.

Siku ya dripu ya nane mezani kulikuwa na hicho kipimajoto, kopo la chumvi, mafuta ya shea na kipande cha tangawizi. Jerikeni ilikuwa nje kwenye bomba, ikingojea maji.